Beetle ya zamani na gari la umeme: lipi la kuogopa zaidi kwa moto?

Fungua boneti ya nyuma ya Volkswagen Beetle ya miaka ya 1960, kisha ukunje mpira wa petroli kwa vidole. Ukiona nyufa ndogondogo kama za kisigino kikavu, usiiwashe. Petroli iliyochanganywa na ethanoli, aina ya pombe, hula mipira ya zamani. Kuna na kibomba cha shaba kinachoingiza mafuta kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa: kikilegea na kuchomoka, petroli humwagikia distributa, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, penye cheche. Moto ukishakolea, bloku ya injini nayo ni aloi (mchanganyiko wa metali) ya magnesiamu, na magnesiamu ikishika moto haizimiki kirahisi.

Gari la umeme halina petroli, na ukilinganisha kwa idadi ya magari yaliyopo barabarani, huungua mara chache zaidi. Ila likiungua, ni kazi kweli. Betri yake ni seli nyingi, yaani betri ndogondogo, zilizopangwa pamoja. Seli moja ya lithiamu ikipata joto kupita kiasi huipasha ya jirani, na hiyo inayofuata, hadi betri nzima. Zimamoto humwaga maji mengi mno, na bado moto unaweza kurudi saa kadhaa au hata siku kadhaa baadaye. Mwaka 2021 General Motors iliita magari yake yote ya umeme ya Chevrolet Bolt yarudi kwa kasoro ya betri, ikawasihi wamiliki wayaegeshe nje.

Mimi ningeona afadhali gari la umeme lilale gerejini kwangu kuliko Beetle yenye mipira ya zamani. Lakini Beetle huonya: harufu ya petroli unaisikia mapema, na mpira mpya ni bei ndogo. Ubadilishe leo, na mtungi wa unga wa kuzimia moto ukae karibu na kiti.