Kutoka Beaune hadi Puligny kwa baiskeli: uzoefu wangu wa ziara ya mvinyo Bourgogne

Kwetu Hombolo, Dodoma, zabibu zikishavunwa hazina tena shamba. Za baba, za jirani na za yule wa ng'ambo ya korongo zinamiminwa kwenye tangi moja, zinakuwa mchuzi wa zabibu, yaani juisi ya kutengenezea mvinyo, basi. Nimeshika mkasi wa kupogolea tangu darasa la tano na sikuwahi kumsikia mnunuzi akiuliza mchuzi huu umetoka upande gani wa shamba. Kwa hiyo nilipolipa euro 98 kwa ziara ya siku nzima ya baiskeli kwenye mashamba ya Bourgogne, Ufaransa, nilikuwa na swali moja. Wafaransa wanasema hatua thelathini tu zinatosha kubadilisha mvinyo. Nilitaka kujua kama ni kweli au ni maneno ya kupandishia bei.

Ni kweli. Nimeionja mwenyewe, na ndiyo sababu naandika.

Ninasoma Lyon, na kutoka huko hadi Beaune ni karibu saa mbili kwa treni. Tuliondoka Beaune saa tatu asubuhi, mwezi Juni, watu kumi na wawili na mwongozaji wetu, dada aliyezaliwa kwenye familia ya wakulima wa zabibu. Njia inaitwa Voie des Vignes, yaani njia ya mizabibu. Yote ina kilomita 22, kutoka Beaune hadi Santenay; sisi tuliishia kijiji cha Puligny-Montrachet. Ni nyembamba, imesakafiwa vizuri, inakatiza mashamba yenyewe. Mistari ya mizabibu iko karibu karibu, hekta moja ina miche kama 10,000, na trekta lao lina miguu mirefu ili lipite juu ya mstari bila kuugusa. Nilisimama kulitazama mpaka nikaachwa nyuma.

Kabla ya kuonja chochote, dada yule alitusimamisha kando ya njia, karibu na kijiji cha Pommard, akatuonyesha kilima kwa mkono. Kule chini kabisa, tambarare, chupa itaandikwa Bourgogne tu. Ukianza kupanda kidogo, inapata jina la kijiji. Katikati ya mteremko ndipo yalipo mashamba ya Premier Cru, daraja la juu zaidi, na vipande vichache kuliko vyote, 33 katika Bourgogne nzima, ndivyo Grand Cru, daraja la juu kabisa. Juu kabisa ni msitu. Sababu yake mkulima yeyote anaielewa: mvua huteremsha udongo, kwa hiyo bondeni ni mzito na unashika maji, juu umebaki mwembamba juu ya mwamba, na katikati mawe ya chokaa na mfinyanzi vimechanganyika kwa kiasi. Tena mteremko unatazama mashariki, unapata jua la asubuhi mapema.

Kisha akaokota jiwe akanipa. Ndani yake kulikuwa na vipande vya magamba ya chaza. Mahali pale palikuwa bahari, zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, na mizizi ya mizabibu inapenya katika sakafu ya bahari ile. Nililishika lile jiwe muda mrefu.

Kila kipande cha shamba chenye jina na mipaka yake wanakiita klima, na zile za mteremko huu, 1,247 kwa idadi, ziliingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2015. Neno lao lingine, teruwari, ni pana zaidi: udongo, mwinuko, jua, maji, na mkono wa mtu anayelima. Kabla ya ziara hii nilidhani ni neno la matangazo.

Kwenye ghala la chini ya ardhi pale Pommard tulipewa glasi tatu. Mwaka mmoja, zabibu aina moja (Pinot Noir), familia moja, mapipa yaleyale ya mwaloni ya lita 228. Ya kwanza ilitoka tambarare: nzuri, ina tunda, kama zambarau iliyoiva, halafu inaondoka. Ya pili, ya kijiji, ilikaa mdomoni zaidi na kukaza ulimi kidogo. Ya tatu ilitoka Les Rugiens, Premier Cru ambako udongo ni mwekundu kwa chuma. Hiyo ilikuwa na harufu ya ardhi inaponyeshewa mvua ya kwanza baada ya kiangazi kirefu. Nikasema kwa Kiswahili, peke yangu, "Haa!" Mwenye ghala akacheka, alikuwa ameelewa.

Volnay ni mwendo mfupi tu mbele, kijiji kinachopakana na Pommard. Zabibu ni ileile. Lakini mvinyo wake ni mwepesi, laini, unanukia kama forosadi na maua, wakati wa Pommard una misuli. Dada akatueleza kwamba Volnay chokaa inazidi na udongo ni mwembamba. Mimi ningezionja hizi mbili macho yamefungwa na nisingekosea, nami si mtaalamu.

Wakati wa chakula cha mchana alitusimulia kilichojenga haya yote. Watawa wa Cîteaux, abasia iliyoanzishwa mwaka 1098, walilima mteremko huu kwa karne nyingi. Huko kaskazini walizungushia ukuta shamba la Clos de Vougeot, hekta 50 hivi. Yalipokuja Mapinduzi ya Ufaransa, ardhi ya kanisa ilitaifishwa na kuuzwa, kisha sheria ya urithi ikaigawa kwa watoto sawasawa, na wajukuu, na vitukuu. Leo shamba hilo moja lina wamiliki wapatao 80. Hapo niliacha kula. Baba ana ekari mbili na sisi tuko sita, na mgawanyo ndilo jambo ambalo hatulizungumzi nyumbani. Kumbe ardhi inaweza kukatwa vipande themanini na jina lake likabaki zima.

Meursault ndipo ziara iliponiangusha. Ni kijiji cha mvinyo mweupe wa Chardonnay, nilikuwa nakisubiri kwa hamu, lakini tulipewa dakika ishirini tu na glasi mbili za moto mkononi, kisha mhudumu akatuletea karatasi za oda kabla hatujamaliza kuonja. Mvinyo mweupe unaopashwa joto namna ile hausemi kitu. Watu kumi na wawili pia ni wengi. Walio nyuma hawakusikia nusu ya maelezo. Na breki za baiskeli yangu zilikuwa dhaifu, jambo ambalo kampuni inayobeba wageni kwenye miteremko haina udhuru nalo. Nililisema jioni, wakaandika.

Puligny ilinirudishia moyo. Hatukuonja mvinyo wa shamba la Montrachet lenyewe, bei yake si ya mwanafunzi wala ya ziara ya euro 98, lakini tulisimama kwenye kijia chenye Montrachet upande mmoja na Bâtard-Montrachet upande wa chini. Kijia cha gari moja. Zote mbili ni Grand Cru, na bado wenyeji wanazitofautisha kwa ladha na kwa bei. Shamba la Montrachet lina hekta 8 tu, likigawanywa na vijiji viwili, na kijiji cha Puligny kililipenda kiasi cha kujiongezea jina lake mwaka 1879.

Ukienda, usichague Septemba: wanavuna, na maghala mengi hayana muda na wageni. Tumia chombo cha kutemea bila aibu, wenyeji wote wanatema, na una baiskeli ya kurudia. Kula vizuri asubuhi. Ukiweza, tafuta ziara ya watu sita hata ikizidi bei. Kwa hii niliyokwenda natoa nyota nne kati ya tano, na zote nne ni za yule dada na kilima chake.

Nilinunua chupa moja ya Volnay, euro 36. Jioni, kwenye treni, nikampigia baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

Nikamweleza habari ya glasi tatu, jiwe na kijia. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema zabibu za kule kwenye kichuguu, upande wa mbuyu, ni ndogo lakini tamu kuliko zote, na ndizo amekuwa akichuma za kula mwenyewe miaka yote. Sikuwahi kujua. Nimemwomba mavuno ya Agosti azitenge, ndoo mbili tu, asizimimine kwenye tangi.