Kikapu cha Kijapani: gome la mzabibu mwitu au la mjozi?

Kwa umbo, vikapu hivi viwili vya kaskazini mwa Japani karibu vifanane. Cha mzabibu mwitu, yamabudo, ni kigumu. Gome lake huchunwa milimani mwezi Juni hivi, mmea ukiwa umejaa maji, likakaushwa, kisha likaloweshwa tena kabla ya kusukwa. Huko Mishima, mji mdogo wa Fukushima, kazi hii ni ya majira ya theluji, shamba likiwa limelala. Usukaji wao ulitambuliwa na serikali kuwa sanaa ya jadi mwaka 2003. Kikiwa kipya huonekana kikavu, hata kichovu. Kishikeshike miaka kadhaa uone: hung'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta. Wako wanaotumia cha bibi zao.

Mjozi, kurumi, una ujanja wake. Upande wa nje wa gome na wa ndani hazilingani rangi, basi msukaji hugeuza vipande tu akapata mapambo bila tone la rangi. Macho yangu huenda huko kwanza. Ila cha kubebea vitu kila siku, ningechagua cha mzabibu, na bei yake si mchezo.