Usiku mmoja Kigali kumwona Zuchu: uzoefu wangu mimi mtu wa mpakani

Nikisema nilifunga saluni siku mbili Desemba 2023 nikaenda Kigali, watu wanadhani nilimfuata Kendrick Lamar, rapa wa Marekani. Kwa kweli ndiye aliyeandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo. Tarehe 6 ile ilikuwa shoo ya kwanza ya Move Afrika, mradi wa matamasha wa shirika la Global Citizen, pale ukumbi wa BK Arena. Lakini mimi macho yaliganda kwenye jina la chini yake: Zuchu. Nimesuka vichwa vya watu nikimsikiliza tangu lebo ya WCB, ile ya Diamond Platnumz, ilipomtambulisha mwaka 2020, na marehemu mama alikuwa shabiki wa mama yake, Khadija Kopa wa taarabu, kwa hiyo kwetu ni mapenzi ya kurithi. Kumwona kwa macho, nilikuwa sijawahi.

Anayeishi Ngara, huku kwetu mpakani na Rwanda, ataelewa hesabu yangu. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200. Ukienda kwenye shoo ya Dar umeaga wiki nzima. Kigali naondoka asubuhi, mchana nimefika, mpaka ukiwemo. Basi nikanunua tiketi mbili za viti vya juu, zile za bei ya chini, nikamchukua mdogo wangu wa kike, tukaondoka Jumatano kabla jua halijawaka vizuri.

Hiace mpaka Benako, halafu mchomoko, yaani gari dogo la kuchangia, mpaka Rusumo penye mpaka, wanne siti ya nyuma na mtoto wa mtu mapajani. Mpaka wenyewe ni mwepesi kuliko nilivyotishwa. Unavuka daraja kwa miguu na ukiwa ng'ambo unagongewa mihuri yote miwili, wa kutoka na wa kuingia, ndani ya jengo moja. Pale darajani simama kidogo. Maporomoko ya Kagera yako hapo chini, maji rangi ya chai ya maziwa, na ndiyo yanayozungusha mitambo ya megawati 80 ambayo nchi tatu zinagawana, sisi, Rwanda na Burundi.

Kilichotuchelewesha ni senene. Desemba ni msimu wao, na mdogo wangu alikuwa amewakaanga na kuwafunga kwenye nailoni kumpelekea rafiki yake wa Kigali. Rwanda na nailoni ni maadui tangu mwaka 2008. Afisa mmoja, dada mpole kabisa, akaifungua ile nailoni, akaitupa kwenye pipa, akatukabidhi senene wetu ndani ya bahasha ya kaki. Mafuta yakaanza kupenya bahasha hapo hapo. Hadi tunafika Kigali ule mkoba ulikuwa unanukia kama jiko la Bukoba.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kubadilisha pesa kwa kijana wa pembeni aliyeshika maburungutu. Wakati ule faranga moja ilikuwa kama shilingi mbili, hesabu ya darasa la pili, lakini alivyokuwa anahesabu kwa kasi nikajikuta nina pungufu ya faranga elfu nne, na nimegundua nikiwa kwenye gari. Hesabu noti mwenyewe, mbele yake, na kwa pozi.

Gari za upande wa pili nimezipenda. Kila mtu na kiti chake, na saa iliyoandikwa kwenye tiketi ndiyo saa ya kuondoka. Shida yake ni mwendo. Mabasi ya abiria yamefungwa vidhibiti mwendo yasizidi kilomita 60 kwa saa, na wanaendesha kulia, kwa hiyo kila kona ya milima ya kuelekea Kayonza nilikuwa nakanyaga breki isiyokuwepo. Shukeni Remera, msiende mpaka stendi kuu ya Nyabugogo, maana ukumbi uko huko huko Remera, jirani na uwanja wa Amahoro ambao wakati ule ulikuwa bado unakarabatiwa.

Tuliposhuka mdogo wangu akatazama saa yake ya mkononi akapiga kelele: saa kumi! Tumechelewa! Simu yangu inasema saa tisa. Tulibishana kando ya barabara mpaka muuza maji akatuchekea. Kigali iko nyuma yetu kwa saa moja. Sikuwa nimeliwaza kabisa, na nimezaliwa kilomita chache kutoka pale. Ile saa ya bure tukaimalizia kwenye mishikaki na ndizi za kuchoma. Tena nilimwagiza mama muuzaji kwa Kihangaza changu, lugha yetu ya Ngara, naye akanijibu kwa Kinyarwanda, tukaelewana hadi kwenye punguzo la bei.

Gesti sasa. Jina nalihifadhi. Nilikuwa nimeweka nafasi kwa simu, chumba cha vitanda viwili. Tukafika tukaambiwa chumba "kimepata mtu", tukapewa cha kitanda kimoja kwa bei ile ile, na bomba la maji ya moto lilikuwa pambo. Siku ya tamasha kubwa lipia kabisa na upate ujumbe wa maandishi, maneno ya simuni hayamfungi mtu.

Jioni tukapanda pikipiki, wao wanaziita moto. Abiria mmoja kwa kila pikipiki na helmeti ni lazima. Mimi fundi nywele nilikuwa nimekaa saa sita kwenye kiti changu mwenyewe nikisukwa na msaidizi wangu, rasta ndefu zimefungwa juu kama mnara. Helmeti ikaushusha ule mnara kwa dakika kumi. Wenzangu, funga nywele ukishafika.

Ukumbi unachukua watu 10,000 na kwa macho yangu ulikaribia kujaa. Kutoka kule juu Zuchu alikuwa mdogo kama njiti ya kiberiti, nikawa namtazama kwenye skrini na kumhakikisha jukwaani, skrini, jukwaani. Alipofungua mdomo nilisahau hayo yote. Mbele yetu walikaa wasichana wanne wa Kigali ambao dakika chache kabla tulikuwa tunaongea nao kwa ishara, Kiswahili hawajui hata kuomba njia. Wakaimba naye neno kwa neno. Mmoja akageuka, akaona naimba huku machozi yananitoka, akanipa kitambaa bila kuacha kuimba. Muda wake jukwaani ulikuwa mfupi kwangu, nilitaka saa nzima. Sikupewa saa nzima.

Kendrick alipopanda ukumbi wote ulisimama na haukukaa tena. Sielewi nusu ya anachosema na bado nilirukaruka. Mdogo wangu, aliyeniambia njia nzima kwamba Zuchu angemsikiliza hata redioni, alipoteza sauti siku mbili.

Ningeambiwa nigawe nyota: shoo tano, magari ya Rwanda nne, mpaka nne, gesti moja, na hiyo moja ni kwa sababu mashuka yalikuwa safi. Nauli, chumba na chakula kwa watu wawili, ukiacha tiketi, vilinitoka kama shilingi 140,000. Nikipewa tena ningelipa, ila ningenunua viti vya chini hata kwa kukopa.

Kurudi, ile saa ya bure wanaidai. Tulivuka Rusumo Alhamisi tukidhani ni mchana, kumbe kwetu ni alasiri, na bibi harusi wa Jumamosi alikuwa ananisubiri saluni tangu saa nane kwa ajili ya kusuka. Nikamkuta mlangoni amenuna, kashika picha ya mtindo anaoutaka kwenye simu. Nikaitazama. Ilikuwa picha ya Zuchu.