Hela 20 ya Tabora, 1916: nilivyonunua na kilichonikera

Nimenunua sarafu tatu za wakati wa vita kwa muuza vitu vya kale mmoja wa Bagamoyo. Anatuma picha kwa WhatsApp, mzigo unakuja kwa basi hadi huku kwetu Tanga. Jina lake silitaji, ila yaliyonipata nayasema kama yalivyo.

Ninachokitafuta ni sarafu ya hela 20 iliyogongwa Tabora. Vita vya kwanza vilipoanza, manowari za Waingereza ziliziba bahari, na sarafu zilizokuwa zikitoka Ujerumani zikawa haziji tena. Mwaka 1916 Wajerumani wakazigonga wenyewe kwenye karakana ya reli Tabora, kwa shaba yoyote iliyopatikana, hata maganda ya mizinga. Ndiyo maana kuna nyekundu na kuna za njano, na unene haulingani. Tafuta herufi T, alama ya Tabora. Heller (sarafu ndogo za Wajerumani) za kabla ya vita zina A ya Berlin au J ya Hamburg. Na hili neno hela tunalolitamka kila siku sokoni limetokana na hiyo Heller yao.

Ya kwanza niliipenda mno. Taji limekaa upande, namba 20 imeshika vizuri kushoto na kufifia kulia, rangi imeiva kama chungu kilichozoea moto. Ukiipapasa unaijua haraka ya fundi aliyeigonga.

Ya tatu ndiyo iliyoniuma. Kwenye picha iling'aa kama pete mpya, nikalipa sh. 60,000. Kufungua bahasha, naona mikwaruzo myembamba yote imeelekea upande mmoja, na kwenye vijishimo vya herufi umebaki unga mweupe. Imesuguliwa kwa dawa ya kung'arishia shaba! Nikampigia.

"Shikamoo mzee. Hii sarafu umeiosha?"

"Marahaba mwanangu. Nimeisafisha ikupendeze."

Nia yake ilikuwa njema, na nusu ya pesa alinirudishia siku ileile. Lakini rangi iliyojijenga zaidi ya miaka 100 hairudi.

Kwa kufunga mzigo na kuuwahisha, sina neno naye, na bei inazungumzika. Ukinunua kwake, mwambie mapema asiguse kitu, na uombe picha za juani: pande zote mbili na ukingo. Juzi kaniambia amepata hela 5 mbili za shaba ya njano. Nimemwomba azifunge hivyohivyo, na uchafu wake.