Nimecheza Alien: Isolation Mji wa Kale, na Muuza Kahawa Nusura Aniue

Assalamu alaikum, hamjambo watazamaji wangu. Leo mtanisamehe sauti imekauka. Nimelala saa tisa usiku kwa sababu ya gemu ya mwaka 2014, na najua kuna mtu ashaanza kuniandikia kwamba nimechelewa miaka mingi. Sawa, nimechelewa. Mimi nanunua diski za mtumba, na mtumba hauna haraka.

Gemu yenyewe ni hii hapa, Alien: Isolation, naicheza kwenye PS4, ile mashine ya gemu ya PlayStation. Imetengenezwa na Creative Assembly wa Uingereza, ikatolewa na Sega. Hao Creative Assembly ndio wale wa Total War, gemu za majeshi, askari maelfu wamepangwa uwanjani. Watu hao hao wakakaa chini wakatengeneza gemu ambayo adui anayekunyima usingizi ni mmoja. Na huyo mmoja hauawi. Bastola utapewa, risasi utapewa, na ukimpiga nayo umejichongea.

Hadithi naipita mbio. Ni mwaka 2137. Wewe ni Amanda Ripley, fundi wa mitambo, na mamako alipotea angani miaka 15 iliyopita. Huyo mama ndiye Ripley wa ile filamu ya Alien ya 1979, kama uliiona, na kama hukuiona haidhuru. Unaambiwa kisanduku cha kumbukumbu za safari cha meli yake kimeokotwa, kimepelekwa Sevastopol, kituo cha anga kinachozunguka sayari kubwa ya gesi, mbali na kila mtu. Unafika, unakuta kituo kiko katika kufungwa. Wengi washahama. Ukumbi wa wasafiri umejaa mabegi yasiyo na wenyewe, taa zinapepesa, na waliobaki wanapigana risasi kwa woga. Juu ya dari, ndani ya njia za hewa, kuna kitu kinatambaa.

Hapa nisimame kidogo. Kituo hiki kilinikumbusha Ngomeni, kule Malindi. Wa Pwani mwajua: yale majukwaa ya chuma yamesimama baharini, San Marco, ambako Waitaliano walikuwa wakirusha roketi kuanzia 1967 hadi 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, siku yetu ya Jamhuri, ilirushwa pale setilaiti ikaitwa Uhuru, ya kwanza duniani kutumwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Jina la Kiswahili angani! Leo ni chuma na chumvi. Sasa chukua ile hali ya mahali palipokuwa na kazi kubwa halafu watu wakaondoka, itie ndani ya kituo kisicho na dirisha la kurukia. Ndiyo Sevastopol.

Na wameitengeneza kwa mikono, hilo niwape. Kila kitu kina sura ya 1979: kompyuta za vioo vilivyobinuka, vitufe vikubwa vya kubonyeza, maandishi ya kijani. Zile picha zinazocheza na kukatika kwenye vioo vya kompyuta, hawakutumia kompyuta peke yake. Walizirekodi kwenye kanda za VHS, wakazivuruga, wakazipiga picha tena kwenye televisheni kuukuu. Mtu aliyewahi kukaza kanda kwa kalamu ataelewa nasema nini.

Haya, tuje kwenye zimwi. Ndicho kile kitu cha darini, Alien mwenyewe wa jina la gemu. Mimi naliita zimwi.

Gemu nyingi za kutisha hukutisha macho: kitu kinaruka, unapiga kelele, umesahau. Hii inakula kwa masikio. Una kifaa mkononi cha kunasa mwendo, kinalia "tip... tip..." na kitone kinakuonyesha upande. Ukikitazama, mbele yako kunakuwa ukungu. Ukitazama mbele, kitone hukioni. Chagua moja. Na likikaribia, lenyewe linakisikia kile kifaa kikilia. Yaani kitu pekee kinachokuambia liko wapi ndicho kinacholiambia uko wapi. Wallahi aliyefikiria hilo hana huruma.

Kwa hiyo unajifunza kusikiliza. Likiwa juu, unasikia bati linagonga darini. Likishuka, unasikia miguu, mizito, kama mtu anayeburura gunia. Ukipita chini ya tundu la dari ukaona mate yanadondoka, rudi nyuma polepole, usikimbie. Mimi nilikimbia. Nilikimbia mara nyingi sana.

Sasa kisa cha kahawa. Kwenye PS4, ukiwa na ile kamera yake, kuna mahali kwenye mipangilio unaweza kuwasha kipaza sauti, zimwi likawa linasikia kelele za chumbani kwako. Za kwako wewe, binadamu, kwenye kochi. Nikasema hebu. Nikafunga mlango, nikazima feni, na mwajua chumba cha ghorofani Mji wa Kale wa Mombasa bila feni mwezi wa pili kikoje. Jasho latiririka hadi kwenye kontrola. Niko ndani ya kabati la chuma, zimwi liko mbele yangu hivi, nazuia pumzi kwenye gemu na nje ya gemu. Likageuka. Laondoka. Alhamdulillahi.

Kule chini barabarani: kling, kling, kling.

Muuza kahawa! Apita na dele lake, agonganisha finjani kama kawaida ya siku zote. Zimwi likasimama. Likageuza kichwa. Sikumaliza kusema "la", kabati lishang'olewa mlango. Nikapiga ukelele mpaka mamangu akaja mlangoni, "We! Wapigana na nani humo ndani?" Nikamweleza. Akatazama tiivii, akanitazama mimi, akasema, "Mdudu wa kioo wamuogopa hivyo, na panya wa jikoni nimekwambia tangu juzi." Akaenda zake.

Baada ya hapo nilikizima kipaza sauti. Mji huu hauruhusu. Ukimaliza muuza kahawa kuna tuktuk, ukimaliza tuktuk kuna paka wanagombana juu ya mabati.

Kwa nini linatisha hata ukilizoea? Watengenezaji wameeleza wenyewe jinsi lilivyotiwa akili, na ni jambo zuri. Ziko akili mbili. Moja ni kama yule mama wa dirishani tulipokuwa watoto tukicheza kujificha vichochoroni: yeye yuko juu, anaona kila mtu alipo. Ila hasemi mlango gani. Anasema tu, "Upande ule, upande ule." Akili ya pili ni zimwi lenyewe, ambalo lina macho yake na masikio yake, na kutoka hapo linakutafuta kwa juhudi zake. Ndiyo maana halikurukii kwa dhuluma, wala halikuachi ukapumzika. Na likikubana muda mrefu mno, yule wa juu huliita kidogo, upate pumzi, halafu hulirudisha.

Na linajifunza. Utapata mtambo wa kurusha moto, utajiona umekuwa mfalme, ukiliwashia linakimbia. Mara ya kwanza. Endelea kuutegemea uone: linaanza kusubiri mbali, linapima moto unafika wapi, mwisho linakuvaa na moto wako. Wazee wetu walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Basi hili halikusikia hiyo. Hili likishakujua ndipo linakumaliza.

Kuhifadhi mchezo nako ni mtihani. Hakuna kubonyeza tu. Lazima ufike kwenye mashine ukutani, utie kadi, usubiri taa tatu ziwake moja moja. Sekunde chache hizo, umeipa mgongo dunia nzima. Nimeliwa taa ya tatu ikikaribia kuwaka. Nusu saa ya kazi ikaenda.

Ubaya upo, na nisiufiche. Gemu ni ndefu kupita kiasi. Mimi ilinichukua karibu saa 20, na ingekuwa 12 ningeipenda zaidi. Katikati zimwi linaondoka kwa muda, unaachiwa maroboti ya kituo, Working Joe, yenye nyuso za mpira na sauti ya upole kama karani anayekwambia rudi kesho huku akikukaba koo. Mwanzoni yanatisha. Ya kumi yanachosha. Halafu kila ukidhani umemaliza, mlango hauna umeme, nenda washa jenereta upande wa pili, rudi. Mombasa hii nimekimbizana na stima za kweli vya kutosha. Wale binadamu wenye bunduki nao ni dhaifu, sina la kuwasifia, ila kuna raha moja: warushie kitu cha kelele, jifiche, zimwi lije limalizane nao.

Ya kununua: ukichukua mtumba, mwambie muuzaji akupe diski uigeuze kwenye mwanga kabla hujatoa pesa. Yangu ya kwanza ilikuwa na mkwaruzo nusu duara, ikakwama palepale zimwi linaposhuka mara ya kwanza, na aliyeniuzia akaniambia labda ndivyo gemu ilivyo. Kama huna PS4, iko kwenye kompyuta, iko kwenye Switch, na tangu Desemba 2021 iko kwenye simu, Android na iPhone, na zile nyongeza zake zote ndani. Kwenye simu tumia wifi ya mtu kuipakua, usijaribu kwa bando. Na vaa hedifoni. Bila hedifoni umenunua nusu ya gemu.

Kwangu mimi inapata nane kwa kumi. Mbili nimezikata kwa zile jenereta.

Ngoja... mwasikia? Kling, kling. Huyo, ndiye yeye. Juzi nilimwambia alivyoniponza, akacheka akanimiminia finjani ya pili bure. Wacha nizime kamera nimuwahi kabla hajakata kona.