Swichi ya indiketa ya Honda CG125 ya zamani: gereji ilishindwa, fundi redio akaiponya

Pikipiki yenyewe ni Honda CG125 ya volti 6, aliyoinunua marehemu baba mwaka 1982 akiwa bwana shamba Muheza. Honda walianza kuitoa CG mwaka 1976, wakiilenga nchi ambazo pikipiki hubebeshwa mizigo kupita kiasi na kubadilishiwa oili kwa nadra. Injini nyingi za bodaboda za Kichina tunazopishana nazo leo ni za ukoo huohuo, na kwa sababu hiyo kila fundi ukimpelekea CG ya zamani anaamini spea ya bodaboda itaingia. Kwenye injini mara nyingi huwa sahihi. Kwenye umeme nimeona mwenyewe yaliyotokea.

Ilianza indiketa ya kulia. Ya kushoto ilipepesa vizuri. Ya kulia iliwaka hafifu na kuganda. Nikikibana kitufe kwa dole gumba ingepepesa mara mbili tatu, kisha inaganda tena. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo ukikata kulia unakatiza njia ya wenzako, na hapo ndipo ishara inapokuokoa. Jioni moja pale Pongwe, kwenye barabara ya Tanga kwenda Muheza, nilikuwa nimeshaanza kukata, daladala lililokuwa nyuma likanipita upande uleule wa kulia, kioo chake kikanigusa kiwiko. Simlaumu dereva, kwani ishara hakuiona. Nikaiegesha pikipiki nyumbani, nikaapa siipandi mpaka ipone.

Gereji niliyoanzia siitaji jina. Walinibadilishia flasha kwanza, kile kidude kinachofanya taa zipepese, wakaweka ya bodaboda, ya kielektroniki ya volti 12. Kwenye volti 6 haikuamka kabisa, hata ya kushoto ikazimika. Wakasema basi ni swichi, wakakata soketi ya zamani na kufunga swichi mpya ya bodaboda kwa kulinganisha rangi za waya. Rangi za kiwanda kimoja si za kingine: nikasukuma kitufe kushoto, ikawaka ya kulia. Shilingi 20,000 zikaenda hivyo, za swichi na ufundi. Nashukuru nilidai nirudishiwe swichi na flasha yangu.

Nyumbani Raskazone nikarudisha vya zamani na kupima mwenyewe. Kwenye Honda za miaka hiyo waya wa kijivu unatoka kwenye flasha kuja kwenye swichi, wa rangi ya chungwa unakwenda taa za kushoto, wa bluu nyepesi taa za kulia, na wa kijani ni ethi, yaani wa kurudisha umeme kwenye betri. Nikaunganisha kijivu na bluu kwa kipande cha waya, nikiiruka swichi. Taa za kulia zikapepesa kwa nguvu zote! Betri, flasha na balbu vyote vizima, basi. Nikaondoa kile kipande, nikasukuma kitufe kulia, nikaweka mita ya kupimia volti kati ya kijivu na bluu. Swichi nzima ingesoma karibu na sifuri. Yangu ilisoma volti 1.8.

Kwa pikipiki ya volti 12 hasara hiyo ungeivumilia. Kwa volti 6 ni karibu theluthi ya umeme wote unaopotelea ndani ya kidude cha ukubwa wa kibiriti. Balbu zangu ni za wati 10, mbele moja na nyuma moja, na wati zilezile kwa volti 6 zinavuta mkondo mara mbili ya ule wa volti 12, kwa hiyo uchafu kidogo tu kwenye mguso unaonekana mara moja. Flasha nayo ni ya utepe wa chuma unaopashwa moto na umeme uleule unaokwenda kwenye balbu. Umeme ukipungua, utepe haupati moto wa kutosha, ndiyo maana taa inaganda.

Swichi nikaipeleka Ngamiani kwa mzee mmoja anayetengeneza redio. Nilimwamkia, akaishika, akaisogeza kitufe mara kadhaa karibu na sikio. "Mwanangu, hii ilitengenezwa ifunguliwe. Hizi mpya zimefungwa moja kwa moja, zikifa zimekufa." Akaifungulia ndani ya mfuko wa nailoni, na nikaelewa sababu: kuna gololi ndogo inayosukumwa na springi, ndiyo inayotoa ule mlio wa "ta" kitufe kikikaa mahali pake. Ikiruka sakafuni hutaiona tena.

Ndani grisi ya kiwandani ilikuwa imekauka kama nta, na vibao vya shaba vimeota kutu ya kijani. Hewa ya bahari ya Tanga haina huruma na shaba. Alisafisha kwa spiriti na mswaki, akasugua migusano kwa raba ya kufutia. Msasa aliugusa upande wa kulia tu, ule laini kabisa, akisema ukisugua sana unamaliza shaba yenyewe. Halafu akanionyesha nisichokiona: waya wa bluu, pale unapoingia kwenye swichi na kupinda kila usukani unapogeuka, nyuzi zake zilikuwa zimekatika zikabaki tatu. Akakata sehemu iliyochoka, akalehemu upya, akavuta springi ya kibao iongezeke nguvu, akamalizia kwa mafuta ya mgando kidogo sana.

Alichukua siku mbili na shilingi 8,000. Kasoro ya huduma yake ni kwamba pikipiki haigusi. Swichi uifungue na kuirudisha mwenyewe. Kwenye kufungua chunga skrubu. Za Kijapani za miaka ile zina msalaba unaofanana na wa Phillips lakini si uleule, na bisibisi ya kawaida inapanda juu na kula kichwa. Mimi nililoweka skrubu zote mbili kwa oili ya kulegeza usiku kucha, nikatumia bisibisi ya Kijapani ya kuazima, zikatoka salama.

Sasa ni mwezi wa nne tangu niirudishe swichi, masika yote yamepita juu yake. Wiki iliyopita nilipima tena kati ya kijivu na bluu: volti 0.1. Nimeshakwenda Muheza na kurudi mara sita, na pale Pongwe nikisukuma kitufe kulia nasikia ule mlio niliokuwa nausikia nikiwa mtoto nimekaa juu ya tangi mbele ya baba, na daladala za nyuma zinapunguza mwendo.