Lenzi ipi ununue kwanza ukitoka kwenye kamera ya mfukoni

Kamera ndogo ya mfukoni inakufanyia kazi ambayo huioni: mkono ukitikisika, yenyewe inatuliza picha. Nyingi za miaka ya karibuni zina kidhibiti mtikisiko ndani, hata baadhi ya zile za bei ya chini. Ukihamia kwenye kamera ya kubadilisha lenzi, huduma hiyo mara nyingi haikufuati. Unaweza kutoka dukani na bodi mpya (kamera yenyewe bila lenzi) na lenzi ndefu inayovutia macho, halafu picha zikawa mbaya kuliko za kamera uliyoiacha kabatini. Kwa hiyo naanza na herufi zilizoandikwa kwenye lenzi. Bodi itafuata.

Canon huandika IS, Nikon VR, Sony OSS, Fujifilm OIS, Tamron VC, Sigma OS. Maana ni ile ile: ndani ya lenzi kuna kipande cha kioo kinachosogea kinyume na mtikisiko wa mkono wako. Canon ndio waliotangulia kukiweka kwenye lenzi za SLR (kamera zenye kioo cha kuakisi ndani), mwaka 1995. Zisome herufi hizo kwenye lenzi yenyewe, usitegemee boksi wala maneno ya muuzaji. Nikon wana 18-55mm za AF-P za aina mbili zinazofanana kama mapacha, moja ina VR na nyingine haina. Canon 4000D nayo huuzwa na 18-55mm III ambayo haina IS kabisa, na mnunuzi mgeni hawezi kujua mpaka apige picha jioni.

Kabla ya orodha, shika hesabu moja. Bila kidhibiti, kasi ya shata (pazia linaloruhusu mwanga kuingia) isishuke chini ya 1 gawanya kwa namba ya mm ya lenzi ukiizidisha kwa 1.5 (Canon ni 1.6), kwa sababu sensa (vipande vinavyopokea mwanga) za kamera hizi za kuanzia ni ndogo kuliko fremu ya filamu. Lenzi ya 250mm kwenye Canon inadai 1/400 ya sekunde. Kidhibiti cha hatua nne (kila hatua inaruhusu shata kukaa wazi muda mara mbili) kinakushusha mpaka kama 1/25, na hiyo ni nafuu kubwa. Lakini kinamsaidia anayepiga picha, si anayepigwa. Bibi harusi akiingia ukumbini anacheza, kwa 1/25 kuta na maua vitatoka safi, yeye atatoka amevurugika. Hapo unahitaji 1/250 au zaidi, na kasi hiyo inatokana na mwanga unaoingia kwenye lenzi. Mpangilio wangu umesimama juu ya tofauti hiyo.

1. Lenzi ya 18-55mm yenye kidhibiti

Ndiyo ya kwanza, hata kama wapigapicha wazoefu wanaibeza. Inachukua familia nzima sebuleni kwa 18mm na sura ya mtu mmoja kwa 55mm, ni nyepesi, na kwenye soko la mitumba haikosekani. Canon walianza kuitoa na IS mwaka 2007. Toleo la STM la 2013 linalenga kimyakimya, jambo linalosaidia sana ukirekodi video.

Ijaribu pale pale dukani. Ivute mpaka 55mm, weka shata 1/10, simama bila kuegemea kitu, ulenge maandishi madogo ya boksi lililo kwenye rafu ya mbali. Piga picha tatu kidhibiti kikiwa kimewashwa na tatu kikiwa kimezimwa, kisha zikuze kwenye skrini. Herufi zikisomeka kwenye zile za kwanza na kuvurugika kwenye za pili, kinafanya kazi. Zisipotofautiana, rudisha lenzi hiyo mezani. Na kama unaishi Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, usinunue lenzi ya mtumba bila kuimulika kwa tochi kutokea nyuma. Unyevu wa pwani huotesha fangasi kwenye vioo vya ndani, vinyuzi vyembamba mfano wa utando wa buibui. Hata wakisafishwa na fundi, mara nyingi huacha alama kwenye kioo, na usafi wenyewe unaweza kuizidi bei ya lenzi.

2. Lenzi ya 50mm au 35mm yenye f/1.8

Nyingi katika bei hii hazina kidhibiti, nami bado naziweka namba mbili. Ukiwa 55mm, lenzi ya kwanza hapo juu inafungua tundu lake mpaka f/5.6 tu (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Hii ya f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara kumi ya huo. Pale ulipokuwa unapata 1/25, sasa unapata kama 1/250, na bibi harusi anatulia. Kwa anayetaka kupiga send-off, kitchen party, mikesha ya kwaya au watoto wanaokimbia ndani ya nyumba, hii ndiyo lenzi itakayombadilishia picha, kwa bei ambayo ni kati ya zilizo nafuu kabisa.

Kuchagua kati ya 50mm na 35mm, angalia ukubwa wa vyumba unavyopigia. Kwenye kamera hizi 50mm inaona kwa ufinyu: sebule ndogo itakubania ukutani ukijaribu kuingiza watu watatu. Kwa picha za sura na mabega ni tamu sana. Wenye Canon zinazopokea lenzi za EF wachukue 50mm f/1.8 STM ya 2015. Wenye Nikon DX (zile za sensa ndogo) wana bahati zaidi, kwa sababu 35mm f/1.8G ya DX imetengenezwa kwa sensa yao hasa.

Wa Nikon, kuna mtego mmoja. Bodi za D3000 na D5000 na ndugu zake, mpaka D3500 na D5600, hazina mota ya kulengea ndani. Ukizifunga 50mm f/1.8D, ambayo ipo tele kwa bei ya kuvutia, utakuwa unalenga kwa kuzungusha pete kwa mkono. Tafuta herufi AF-S, yaani lenzi yenye mota yake yenyewe; AF-P nazo zina mota, lakini hazilengi kwenye bodi za zamani kama D3000 na D5000.

3. Lenzi ya 55-250mm (Canon) au 55-200mm (Nikon), yenye kidhibiti

Hii ni ya mpira, mbuga na ndege. Hapa kidhibiti ni lazima, maana lenzi ikirefuka kila mtikisiko unakuzwa nayo. Ukienda Mikumi au Nairobi National Park, mwombe dereva azime injini kabla hujapiga. Gari likiwa linanguruma hakuna IS itakayokuokoa vizuri. Mfuko mdogo wa mchele juu ya kioo cha dirisha kilichoshushwa nusu unashikilia lenzi kuliko mikono miwili.

4. Bodi yenye kidhibiti ndani

Hapa inayosogea ni sensa yenyewe, kwa hiyo hata 50mm isiyo na herufi inatulia. Konica Minolta waliileta kwenye kamera ya dijitali ya SLR mwaka 2004, na Pentax wakaifuata njia hiyo. Canon na Nikon hawakuiweka kwenye DSLR zao, walisubiri kamera zisizo na kioo cha kuakisi (mirrorless). Hata huko, bodi za kuanzia hazinayo: Canon R50 na R10 hazina, R7 inayo, Sony A6400 haina, A6700 inayo. Tofauti ya bei ya bodi hizo inatosha kununua lenzi namba mbili na pengine namba tatu pia. Mwanzoni ningechukua lenzi bila kusita. Anayerekodi video akiwa anatembea ndiye ningemshauri aikazanie bodi.

5. Lenzi ya 75-300mm isiyo na kidhibiti

Canon EF 75-300mm III hutolewa kama lenzi ya pili kwenye maboksi ya ofa, na namba yake kubwa ndiyo inayowavuta watu. Kwa 300mm inadai kama 1/500 ya sekunde, huku tundu lake likiishia f/5.6. Jua likianza kushuka, imekwisha kazi. Muulize muuzaji kama atakubali kuiondoa na kukupa punguzo, au uongeze kidogo upate 55-250mm IS. Kama tayari unayo, itumie mchana wa jua, weka shata 1/500, acha ISO (unyeti wa sensa kwa mwanga) ipande mpaka 1600 bila kuogopa chenga, na uiegemeze kwenye ukuta, mti au ule mfuko wa mchele.